Nafasi ya Busoro

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na kompyuta zenu nyembamba mgongoni, mnaketi uani juu ya mawe ya lava na kuniuliza, "Mama Mashine, zamani mulikuwa munafanya aje bila internet?" Nimechoka kujibu vipande vipande huku chai inapoa. Leo nimeandika. Someni, na siku mkija tena mje na swali jingine. Mje na sukari pia, maana yangu mnaimaliza.

Jina hilo la Mama Mashine sikujipa mwenyewe. Nililipata kwenye bohari ya dawa, hapa Goma, upande wa Birere, nilikofanya kazi tangu nitoke shuleni mpaka magoti yalipokataa ngazi. Bohari iligawa dawa kwa vituo vya afya vya mjini na vya huko juu, Nyiragongo, Rutshuru na Masisi. Kulikuwa na kompyuta moja tu, na aliyejua kuiamuru ni mimi peke yangu. Basi kila kitu chenye waya kilipogoma niliitwa mimi. Siku moja waliniita nikatazame kinu cha kusaga mahindi cha jirani, na kusema kweli nilikitengeneza.

Nataka kuwaeleza jambo moja tu, jinsi programu moja inavyoikabidhi nyingine tablo. Najua mmeshaanza kutabasamu. Mnasema hilo ni somo la juma la kwanza, Mama, tumelipita. Mmelipita kama mtu anavyopita kijiji cha Kibati ndani ya gari vioo vimefungwa.

Kwa wale wasio wa kazi hii, tablo ni safu ya nafasi zenye jina moja, kila nafasi na namba yake. Bohari yetu yenyewe ilikuwa tablo. Ukutani kulikuwa na rafu ndefu iliyogawanywa kwa mbao, kila kituo cha afya na nafasi yake, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Ndani ya mashine nilipanga vilevile. Kituo cha kwanza kwenye rafu kilikuwa cha kwanza kwenye tablo, na hivyo mpaka mwisho. Ukikosea namba, katoni inakwenda kwa watu wengine.

Programu zilikuwa mbili. Ya kwanza, niliyoiandika mimi kwa Cobol, lugha ya kompyuta ya siku zile, ilipima kila kituo kinahitaji nini na kujaza tablo. Kisha iliiita ya pili na kuikabidhi tablo hiyo, na ya pili ilichapisha bon, ile karatasi inayoruhusu dawa kutoka mlangoni. Hii ya pili iliandikwa na mwenzangu Papa Déo, wa bohari ndugu ya Bukavu. Alinitumia kwa disketi iliyovuka ziwa kwenye meli, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari ili isilowe.

Sasa sikilizeni hapa. Katika Cobol ile, kukabidhi tablo si kutoa nakala. Ni kumwonyesha mwenzako ilipo, kama kumwambia jirani asichukue sahani, ale humu humu jikoni kwako. Akimwaga chumvi, imemwagika kwako. Papa Déo katika programu yake ya kwanza alizipanga nafasi zote kwa alfabeti, kabla ya kuchapisha, ili bon zipendeze machoni. Alipomaliza, tablo yangu nayo ilikuwa imepangwa kwa alfabeti, wakati rafu ilikuwa palepale. Kituo kimoja kidogo chenye muuguzi mmoja na mbuzi wake kilipelekewa glovu za hospitali nzima, mpaka mlango wao ukawa haufungi. Nilimpigia Papa Déo kwa redio ya mawasiliano.

"Nilipanga tu iwe muzuri, Mama," akasema.

"Papa Déo, kwako panga hata viatu. Kwangu usiguse."

Alicheka sana, na mbuzi wale aliwataja kila tulipoongea mpaka anastaafu.

Mkuu wa bohari alikuwa Muzee Barnabé, mtu wa milima ya Masisi, mrefu, mpole kwa sauti na mkali kwa kila jambo jingine. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, dawa haitoki bila bon iliyochapishwa na mashine. Ya kuandika kwa mkono haikubaliwi, hata awe nani. Mkidhani hiyo ilikuwa jeuri ya ofisi, mmekosea. Miaka ile waasi walikuja, wakaondoka, wakaja wengine, na kila waliokuja walikuwa na majeruhi na bunduki. Walipofika mlangoni kudai dawa, Muzee Barnabé alifungua mikono yake mitupu na kusema, "Chef, miye siko mashine. Karatasi ikitoka, ninatoa. Isipotoka, hata bibi yangu hapate." Watu wenye silaha waliiheshimu mashine kuliko walivyotuheshimu sisi. Sheria ile iliiokoa bohari mara nyingi, lakini ingevunjwa hadharani mara moja tu, ingekuwa imekwisha.

Sheria ya pili ilizaliwa mwaka lava ilipopita katikati ya mji. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mimi disketi nimezifunga kiunoni ndani ya kitenge. Tuliporudi, ardhi ilikuwa bado inaunguza soli za viatu na nusu ya rafu ilikuwa majivu. Tuliijenga upya haraka haraka. Vituo ambavyo hatukuwa na habari zao tulivifuta, nafasi zao tukawapa wengine, kwa ahadi kwamba wakionekana tutawarudisha kesho yake. Halafu wauguzi wakaanza kuja mmoja mmoja, wazima, miguu ina malengelenge, wanaomba dawa, na sisi tunawaambia hamumo. Papa mmoja aliketi kizingitini akamtazama Muzee Barnabé. "Volkano haikunimaliza," akasema. "Njo nyinyi munanimaliza?"

 Rafu mpya ilipokamilika Muzee Barnabé alituita wote mbele yake. "Mutu akikimbia, hafutwe. Nafasi yake ikae wazi. Atarudia." Tangu siku hiyo, kituo kilichokimbia kiliacha nafasi tupu kwenye rafu, na tupu kwenye tablo yangu, jina lake juu. Muzee mwenyewe aliipangusa vumbi mbao ya kila kituo kilichokimbia, kila Jumatatu, kabla ya kuvua koti.

Miaka ikapita, ukaja uasi mwingine. Msiniulize upi, mtaanza kubishana hapa uani na chai itapoa tena. Kituo cha Busoro, huko juu Masisi, kilikimbia chote kwa siku moja, wagonjwa na muuguzi wao, Mama Immaculée. Walitembea mpaka Kanyaruchinya, wakaketi chini ya mahema pamoja na maelfu ya wengine. Mama Immaculée hakukaa. Alitundika kitenge kama pazia, akaanza kuzalisha. Tukamfungulia nafasi mpya mwishoni kabisa mwa rafu, kwa jina la Kanyaruchinya. Sasa mwisho wa rafu ulikuwa hivi: Busoro tupu, Kibati, Kanyaruchinya.

Kipindi hicho hicho karatasi ziliadimika. Programu ya Papa Déo ilikuwa ikichapisha bon hata kwa nafasi tupu, karatasi nyeupe yenye jina tu, na ilinikera. Tukakubaliana aache kuchapisha tupu. Akatuma disketi, nikaijaribu kwa hesabu za siku ya zamani, rafu yote ilipokuwa imejaa, ikafanya kazi vizuri, tukafurahi kwa karatasi tulizookoa.

Kibati na Kanyaruchinya hawakupata dawa tena tangu disketi ile ilipofika, na hakuna aliyeshangaa. Hapo ndipo nataka mfungue masikio. Penye amani, kituo kisipopata dawa mara moja tu, kelele zinasikika mpaka ziwani. Penye vita kila mtu ana maelezo yake tayari. Sisi bohari tulisema barabara imefungwa ndiyo maana hawaji kuchukua. Wao kule juu walisema bohari inaogopa kutuma gari. Kosa la programu lilijificha nyuma ya vita, likalala usingizi mnono.

Aliyeliamsha ni Mama Immaculée. Alifika asubuhi moja kwa pikipiki, vumbi jeusi limemjaa nyusi, akasimama mbele ya meza yangu bila kuketi.

"Mama Mashine, nimekuya kuuliza neno moja. Munatukataa ju ya nini?"

"Nani anakataa?" Muzee Barnabé akaingia kutoka ghalani. "Tulisikia barabara imefungwa."

"Imefungwa aje, Muzee? Miye nimepita. Inafungwaka saa ya mangaribi." Ndipo akaketi. "Kuko mama moja anaitwa Claudine, wa kwetu Busoro. Mutoto wa kwanza, damu ilikataa kusimama. Ni Mungu tu alimuponyesha. Wa pili iko karibu, tumbo imeshuka. Na miye siko na sindano ya kusimamisha damu, hata moja."

Sindano zile zilikuwa kwenye friji, nyuma ya ukuta nilioegemea. Muzee Barnabé alitazama ukuta, kisha akatazama dirishani. Langoni, kwenye benchi letu, walikuwa wameketi wanajeshi wawili wa uasi tangu alfajiri, wakisubiri tu waone bohari inatoa nini na kwa nani. Sote watatu tuliwaona, na tukajua katoni isiyo na bon haitapita mbele yao.

Nilichapisha bon za siku. Zilitoka vizuri, moja baada ya nyingine, zikasimama kabla ya Busoro. Kibati hakuna. Kanyaruchinya hakuna. Nikazitazama zile za wiki zilizopita, zilikuwa vilevile. Nikafungua programu ya Papa Déo na kuisoma mstari kwa mstari, na sikuhitaji kusoma sana. Aliiamuru ipite kwenye tablo mpaka ikutane na nafasi tupu, halafu isimame. Kwa Papa Déo, kule Bukavu, nafasi tupu ilimaanisha orodha imekwisha. Kwetu tupu ilimaanisha mtu amekimbia, atarudi. Tulipeana tablo miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenzake, kwako tupu ni nini?

Nikawaambia. Nikaongeza, maana akili yangu ilikuwa kwa yule Claudine, "Dawa yake ni rahisi. Ninafuta Busoro, Kibati inapanda, Kanyaruchinya inapanda, hakuna tena shimo. Ni dakika chache."

"Unafuta nini?" akauliza Mama Immaculée.

"Busoro."

"Mama, miye njo Busoro."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina lake kwa karani. Nikamwambia ni kwa leo tu, nitairudisha kesho.

"Hata mwaka ya volkano balisema kesho," akanijibu. "Njia ingine haiko?"

"Iko. Nitengeneze programu zote mbili. Lakini ni mpaka saa sita, na mazutu ya jenereta imebaki kidogo sana."

Alifikiri. Niliona midomo yake ikisogea, nadhani alikuwa anapima barabara, mangaribi na tumbo la Claudine. Muzee Barnabé alimngoja aamue. Sheria ilikuwa yake, ila aliyekuwa na mgonjwa ni huyu mama.

"Saa sita, nikienda na pikipiki, ninafika mbele ya barabara kufunga," akasema. "Andika. Mazutu naenda kutafuta miye." Akatoka, akapita mbele ya wale wawili wa benchi akawasalimia vizuri, akapanda pikipiki kwenda sokoni Birere.

Dawa ya kosa lenyewe ilikuwa hivi. Usikabidhi tablo peke yake, ikabidhi pamoja na idadi ya nafasi zake. Programu inayoitwa isibahatishe mwisho kwa kutazama. Iambiwe kwamba nafasi ni hizi, zipite zote, ukikuta tupu ruka, endelea. Basi upande wangu niliongeza kitu cha pili cha kukabidhi, idadi, na upande wa Papa Déo nikaongeza cha pili cha kupokea. Mkiniuliza leo ningefanya tofauti gani, hakuna. Mashine zenu mpya nyingi zinabeba idadi ndani ya tablo yenyewe, hamuioni, ndiyo maana hamjui kuwa ipo.

Ila nilikuwa na haraka. Mimi nilikabidhi tablo kwanza kisha idadi, na kule kwa Papa Déo nikaandika kupokea idadi kwanza kisha tablo. Mashine ile haikuwa na neno la kukuonya. Ilichukua jina la kituo cha kwanza ikalisoma kama idadi, printa ikaanza kutema karatasi, alama za ajabu, mraba, nyota, karatasi juu ya karatasi, na kelele zile za sindano za printa za zamani ambazo nyinyi hamkuzaliwa kuzisikia. Muzee Barnabé akaokota moja akaigeuza juu chini.

"Mama, hii ni luga gani?"

"Muzee, uniache!"

Sikuwahi kumjibu hivyo, wala sikuwahi tena. Mmoja wa wale wanajeshi, kijana, akaja mpaka mlangoni kuona kelele ni za nini. Mama Immaculée alikuwa amesharudi, kidumu cha mazutu kati ya miguu yake. Nilichomoa waya wa printa, nikaweka karatasi mbili za programu ubavu kwa ubavu, moja huku moja huku, nikafuata kwa kidole. Tablo, idadi. Idadi, tablo. Nikageuza, nikarudisha waya wa printa.

Jenereta ilikohoa mara moja, ikanywa mazutu ya Birere, ikatulia. Bon zikatoka. Zile za mwanzo, zote. Busoro ikarukwa. Kibati ikatoka, halafu Kanyaruchinya.

Muzee Barnabé aliichukua ile ya mwisho akatoka nayo hadi langoni, ameiinua juu ili kila mwenye macho aione. Yule mwanajeshi kijana aliisoma polepole, silabi moja moja, Ka-nya-ru-chi-nya. Akairudisha.

"Mama yangu pia iko kule," akasema, na akavuta miguu ili katoni ipite.

Sikupata habari kwa siku kadhaa. Nilikula bila kuonja. Nilikuwa nimemfanya mama yule angoje asubuhi nzima, na kama Claudine alianza uchungu wakati ule, je? Halafu dereva wa pikipiki aliyemleta Mama Immaculée siku ile akapita ofisini, hakuzima hata injini, akapaza sauti dirishani: "Mama Immaculée anasema, damu ilitoka, akapiga sindano, ikasimama. Mutoto ni mwanamuke!" Nililia mezani mbele ya watu, na sikuona haya.

Papa Déo nilimweleza kwa redio. "Kumbe kwenu tupu ni mutu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Tangu hapo kila programu ya Bukavu ilibeba idadi ya tablo yake. Na kila alipotaka kuniletea tablo mpya alianza na swali: tupu, kule, inamaanisha nini? Hilo tu ndilo ninalotaka mbaki nalo kichwani. Ukubwa wa tablo mtausoma vitabuni. Maana ya nafasi tupu haimo kitabuni, lazima umuulize mtu wa upande wa pili.

Busoro ilikaa tupu muda mrefu. Wakuu wapya walikuja na kuuliza kwa nini tunaacha nafasi bure wakati maboksi yamejaa sakafuni, na Muzee Barnabé akawapa jibu lile lile, atarudia, huku kitambaa cha vumbi kikiwa mkononi.

Kisha milima kule ikatulia kidogo, watu wakaanza kupanda. Mama Immaculée akaja ofisini, safari hii hana vumbi, amevaa vizuri kama anayekwenda misa. Nyuma yake alisimama mama kijana mwembamba, kitoto cha kike kimeshika kitenge chake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Tunarudia kwetu," akasema Mama Immaculée. "Tunatafuta dawa ya kuanzia. Najua itachukua siku, kutuandika upya."

 Nilijaza kiasi cha dawa kwenye nafasi yao na kubonyeza. Printa ikapiga kelele zake, ikapita kituo baada ya kituo, na pale ilipokuwa ikiruka siku zote haikuruka. Nikachana bon zote pamoja bila kuzitenganisha, nikampa.

Aliziangalia kwa muda mrefu. Claudine, asiyejua kusoma, akachungulia begani kwake.

"Tuko wapi hapo?" akauliza.

Mama Immaculée akaweka kidole kwenye karatasi, kabla tu ya Kibati.

"Hapa," akasema. "Palepale tulikuwaka."